Spirometa Haijamuuliza Mgonjwa Kitu

Karatasi ya rufaa ya mgonjwa wa mapafu aliyepewa pampu ya salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, imefika tena kliniki yetu hapa Moshi ikiwa na ile sentensi: "Kipimo hakikupanda baada ya salbutamol, pampu imesitishwa." Tafadhali, tuache kuiandika.

Utaratibu mnaujua: mgonjwa anapuliza kwenye spirometa, mashine ya kupima pumzi, anavuta mikrogramu 400 za salbutamol kwa spesa, kile chombo kinachounganishwa na pampu, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200, tunasema njia zimefunguka. Miongozo ya 2022 imebadilisha kigezo hicho, lakini swali ni lilelile: njia zimefunguka kiasi gani leo? Kama mgonjwa anahema kwa nafuu, hakuna aliyemuuliza.

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anateswa na hewa isiyotoka. Kabla haijaisha kutoka, pumzi nyingine imeshaingia, na kifua kinabaki kimejaa. Jaribu mwenyewe: vuta pumzi hadi mwisho, toa kidogo tu, kisha uendelee kuhema hapohapo juu huku unatembea hadi getini. Utaelewa kwa nini mama aliyepika mbege kwa kuni miaka yote anasimama kila mara akipanda kwao Kibosho. Pampu ikimpunguzia hewa hiyo iliyonaswa, anapata nafasi ya kuvuta nyingine, hata kama spirometa imesogea mililita 80 tu.

Kwa hiyo mimi hupima na miguu. Dakika 6 za kutembea koridoni, kabla na baada ya dawa, na mgonjwa ataje kubanwa kwake kwa kipimo cha Borg, 0 (habanwi kabisa) hadi 10 (amebanwa mno). Mama mmoja alifika umbali uleule mara zote mbili. Mara ya kwanza alitaja 7, ya pili 4.

Hiyo 4 naiamini, ila si yote. Aliyetembea mara moja huzoea, na mtu aliyehudumiwa vizuri hutaja namba ndogo. Ndiyo maana watafiti hulinganisha na pampu bandia, mgonjwa wala daktari asijue ipi ni ipi. Kwa waliopona kifua kikuu mashaka yangu huzidi, maana kovu halifunguliwi na pampu.

Basi namwomba mgonjwa avute pampu mbele yangu, nimrekebishe, aende nayo wiki kadhaa. Akirudi na kusema bado anapumzika katikati ya kuoga kama zamani, hapo ndipo nasitisha.