Kujieleza kwa sanaa ni nini? Tuanzie kwenye kinyago

Kujieleza kwa sanaa ni kuitoa hisia au fikra iliyo moyoni na kuipa umbo ambalo wengine wataliona, watalisikia au watalicheza. Si lazima umbo hilo lipendeze. Huku kwetu Mtwara na Lindi mfano ulio karibu ni uchongaji wa Wamakonde, hasa mtindo uitwao shetani.

Mtindo huo si wa kale kama wengi wanavyodhani. Ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Samaki Likankoa, Mmakonde mwenye asili ya Msumbiji. Vinyago vingi vya mpingo vilivyokuwa vikiuzwa mjini vilionyesha watu wa kila siku: mama na mtungi, mzee na fimbo, mkulima na jembe. Sasa likatokea jicho moja kubwa, tumbo lenye tundu, mkono uliochomoza shingoni. Imani ya mashetani ilikuwapo tangu zamani. Sura zao ndizo kila mchongaji alipaswa kuzitafuta mwenyewe, maana hakuna shetani aliyewahi kuja kulalamika kwamba pua yake haiko hivyo. Jamii ilimpa imani, gogo na tezo; hofu na kejeli zilitoka kwake.

Kwa hiyo upekee wa msanii hauhitaji aikimbie mila. George Lilanga, mwana wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwachukua mashetani haohao akawapaka rangi kali, wenye masikio makubwa na midomo ya kuchekesha. Ukishaona kazi zake mbili tatu, ya nne utaitambua kabla hujasoma jina.

Upande wa hisia, tazama ngoma ya midimu, ambayo kwa asili huendana na vijana kutoka jandoni. Mchezaji hufunika uso kwa kinyago cha mti mwepesi na mwili kwa nguo ili asijulikane. Kuna pia kinyago cha kiwiliwili, chenye matiti na tumbo la mwanamke mjamzito, na anayekivaa ni mwanamume. Anaigiza uchungu wa uzazi mbele ya kijiji kizima! Watoto wanakimbia, wakubwa wanacheka. Kwa uso wake wa kila siku mwanamume huyo asingethubutu. Kujificha ndiko kunakompa ruhusa, na kijiji nacho kinapata mahali pa kuangalia pamoja jambo ambalo kwa kawaida hubaki chumbani kwa wakunga.

Nyimbo za unyago hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa wanawake, ila mengi yake ni ya ndani, nami sina ruhusa ya kuyaanika.

Soko nalo lina mkono wake. Mnunuzi akiagiza vinyago ishirini vinavyofanana, mchongaji atavichonga, kwani ada ya shule haisubiri. Hiyo ni kazi halali ya ufundi, lakini sioni sababu ya kuiita kujieleza. Ukitaka kuona tofauti, chukua vinyago viwili vya mtindo wa ujamaa, ile minara ya watu waliobebana, uangalie nyuso za wale wa chini. Katika kimoja utakuta sura moja imerudiwa hadi juu. Katika kingine kuna aliyechoka, na kuna anayejifanya hajachoka.