Usiniulize dizeli, niulize masizi

Haipiti wiki bila mtu kunipigia simu akitaka bei ya mashine ya "kutoa dizeli kwenye tairi". Ameona video. Mimi ni mhandisi wa kemia, huu mwaka wa sita natia matairi makuukuu tanurini nje kidogo ya Nakuru, na jibu langu ni lilelile: mafuta yapo, ila si dizeli. Salfa yake inakaribia asilimia 1, yaani sehemu 10,000 kwa milioni, ilhali dizeli ya pampu Kenya tangu 2015 haitakiwi kuzidi sehemu 50 kwa milioni. Hiyo ni karibu mara 200. Boilani yanafaa. Kwenye pikapu yako, utanipigia tena.

Salfa hiyo ndiyo iliyoifanya raba iwe tairi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba raba ikipashwa moto pamoja na salfa hukaza na kustahimili joto. Minyororo yake hufungana, na mafundo hayo hayalegei kirahisi. Jerikeni utaliyeyusha ulifinyange upya, tairi halikubali.

Kwa hiyo tunalivunjavunja. Matairi huingia kwenye pipa kubwa la chuma linalozunguka, mlango unazibwa hewa isipenye, joto linapanda hadi kati ya nyuzi 400 na 500. Pasipo oksijeni hakuna kuungua. Raba hugeuka mvuke, mvuke ukipoa unakuwa mafuta, yenye harufu ambayo mke wangu huitambua nikiwa bado getini. Gesi isiyogeuka mafuta hata ikipoa tunairudisha chini ya pipa iwe kuni. Kwenye kila kilo 1,000 za matairi tunatoa mafuta kama kilo 400 au zaidi kidogo, masizi, ule unga mweusi unaobaki pipani, 300 na ushee, waya 100 na ushee. Iliyobaki ni gesi.

Waya hauna maneno mengi: unavutwa, unabanwa, unakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Vijana wanaochoma matairi jalalani wanautafuta huohuo, na kwa kilo hizo chache za waya kila kitu kingine kinapaa na moshi.

Masizi ndiyo yanayoninyima usingizi. Ndiyo yanayofanya tairi liwe jeusi na gumu. Bila hayo lingelika barabarani upesi mno. Masizi mapya hutengenezwa kwa kuchoma nusunusu mafuta mazito, kwa hiyo si bidhaa ya bei ya chini. Yetu, yakishasagwa laini, yanaweza kuingia kwenye bushi, mipira ya maji, mikeka ya gari na soli za viatu. Tairi jipya la lori? Hapana, sidanganyi mtu.

Kinachotutenga na masizi mapya ni majivu. Mapya yana majivu chini ya asilimia 1. Yetu yakishuka hadi 15 nafurahi. Ni zinki, silika (madini ya mchanga) na vitu vingine ambavyo vilikuwemo kwenye tairi na haviondoki kwa joto letu. Mwaka wa kwanza tulichanganya kila lililoletwa, ya trela na ya Probox, pipa moja. Mteja akarudisha magunia: soli zake zinapasuka. Nikachukua gramu 2, nikazichoma kwenye tanuri dogo la maabara kwa nyuzi 550 hadi ukabaki unga wa kijivu, nikapima. Majivu yalipita asilimia 20. Tangu miaka ya 1990 matairi mengi ya magari madogo yanatiwa silika ili gari linywe mafuta kidogo. Jambo jema kwa dereva. Kwangu ni mchanga ndani ya unga. Ya lori huwa na raba asilia zaidi na masizi mengi. Siku hizi yanatenganishwa getini, kabla ya kupimwa.

Halafu kuna vumbi. Inasemekana jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na mimi ninalo ushahidi: tairi lililokaa shambani huko kwetu limejaa udongo wa volkano, na udongo huo nao una silika nyingi. Unaingia pipani bila kualikwa na kutoka kama majivu.

Tena pipa halifunguliwi kwa haraka. Masizi ya moto yakikutana na hewa huwaka. Niliwahi kukosa subira kwa saa mbili tu, na nyusi zangu zilichukua wiki kadhaa kurudi.

Mwenye tairi ambalo mwili wake bado mzima, lipeleke kwanza likavalishwe raba mpya juu. Lililochoka zaidi, fundi wa akala atalilipia vizuri kuliko mimi. Langu ni lile lisilotakiwa na yeyote. Lilete likiwa kavu, limekung'utwa. Na ndugu zangu mnaoficha mawe ndani ili mzani upande: juzi tumetoa kokoto debe zima kwenye mzigo mmoja. Tumezimwaga penye shimo la getini, lori lenu likija tena halitakwama.