"Nasikia ni bangi lakini si bangi": dhana potofu na ukweli kuhusu CBD na mmea wake

Alisubiri wateja wote watoke. Kisha akafungua pochi, akatoa leso, na ndani ya leso kichupa cheusi cha mafuta ya CBD, kemikali itokayo kwenye mmea wa bangi, chenye mrija wa kudondoshea. Mama wa makamo, magoti yanamsumbua, mwanawe yuko Marekani na ndiye aliyemtumia. Akakiweka kaunta kama mtu anayeweka rehani. "Mwanangu, nisomee hii. Nasikia ni bangi lakini si bangi."

Kwa sentensi hiyo moja alikuwa karibu na ukweli kuliko wengi wanaobishana juu ya mmea huu. Kijiweni utaambiwa ni majani ya Mungu, hayana ubaya. Nyumbani utaambiwa ukigusa tu unaokota makopo. Wote hawasemi kuna nini ndani, wala kiasi gani. Kwetu sisi wauza dawa, mtu asiyetaja hayo mawili bado hajasema kitu.

"CBD hailewishi, kwa hiyo haina madhara"

Nusu ya kwanza ni kweli. Mmea wa bangi una kanabinoidi, yaani kemikali zake za asili, zaidi ya mia moja, na mbili ndizo zenye jina: THC na CBD. THC ndiyo inayoleta stimu. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kueleza umbo lake huko Israeli mwaka 1964. CBD haikamati ubongo kwa namna ile, na Shirika la Afya Duniani, baada ya kuipitia, lilisema haioneshi dalili ya kuleta uraibu.

Lakini kutolewesha si sawa na kutofanya kitu. CBD husagwa na ini, kwa vimeng'enya vilevile vinavyosaga dawa nyingine nyingi. Vikishughulika nayo, dawa nyingine inabaki mwilini muda mrefu kuliko daktari alivyokusudia. Warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, ni mfano mbaya kuliko yote: ikizidi kidogo tu, mtu anaweza kuvuja damu kwa ndani. Baadhi ya dawa za kifafa nazo hupanda. Kwa hiyo kabla sijasoma kichupa cha yule mama nilimuuliza swali ambalo hakulitegemea: mama, unatumia dawa gani nyingine? Akasema za presha. Halafu, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema na kile kidonge cha mguu, tangu mwaka jana mguu ulipovimba. Nikamwomba akilete. Nitarudi kwake.

"Matone kumi yanatosha, ni dawa ya kila kitu"

Hapa tupige hesabu, maana ndipo wengi wanapopigwa. Kichupa kilikuwa cha mililita 30, na lebo inasema miligramu 1,000 za CBD. Gawanya: kila mililita ina miligramu 33 na ushei. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo tone moja halifiki hata miligramu mbili. Matone kumi ni miligramu 17 hivi.

Sasa linganisha na CBD iliyothibitishwa kuwa dawa. Inaitwa Epidiolex, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha mwaka 2018 kwa aina mbili adimu na kali za kifafa cha watoto, Dravet na Lennox-Gastaut. Ya tatu iliongezwa 2020. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 20, kwa kipimo cha chini, anahitaji miligramu 200 kila siku. Kile kichupa angekimaliza kwa siku tano. Na anayepewa hupimwa ini mara kwa mara, kwa sababu kwa vipimo hivyo ini linaweza kulalamika. Kuna pia usingizi mzito, kuharisha na kukosa hamu ya kula.

Ndiyo maana habari ya "mtoto wa fulani alipona degedege kwa CBD" isikufanye umwekee mwanao matone uliyoagiza mtandaoni. Jina ni lile lile, lakini vipimo ni mbingu na ardhi. Kwa magoti, usingizi na wasiwasi, ushahidi wa vichupa hivi vya dukani ni mwembamba. Uingereza, mnamo Oktoba 2023, wakala wa viwango vya chakula uliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 10 kwa siku. Matone kumi ya yule mama yalikuwa yameshavuka hapo.

"Lebo ya Marekani haidanganyi"

Inadanganya vizuri tu. Utafiti uliochapishwa 2017 ulinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima maabara. Zenye kiasi kilichoandikwa hazikufika theluthi. Nyingine zilikuwa na CBD pungufu, nyingine zaidi, na 18 kati ya 84 zilikutwa na THC. Kama wewe ni baharia au dereva anayepimwa mkojo kazini, hiyo si habari ndogo: THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mtumiaji wa kila siku inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa. "Nilitumia CBD tu" haifuti majibu ya maabara.

Na kuna ujanja mwingine, wa mafuta ya mbegu. Mbegu za hempu, yaani bangi ya viwandani yenye THC kidogo mno, hukamuliwa mafuta mazuri ya kupikia na kupaka, ila CBD ndani yake ni kama hakuna. Kuna tafsiri niliyoiona ikiyaita "mafuta ya katani". Nimekulia Tanga, nikacheka peke yangu. Mkonge hautoi mafuta, jamani.

"Kula ni salama kuliko kuvuta"

Kwa mapafu, ndiyo, huvuti moshi. Kwa kichwa, wageni wengi huumbuka hapahapa. Ukivuta, THC inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache, na unajua ulipo. Ukila biskuti au keki, inapita tumboni kwanza, kisha kwenye ini, na ini linaigeuza kuwa aina nyingine yenye nguvu zaidi. Safari hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa mbili, na kilele huja baadaye zaidi.

Basi picha ni ileile kila mara. Kijana anakula kipande saa mbili usiku. Saa tatu kasoro anasema hamna kitu hapa, nimepigwa. Anaongeza cha pili. Saa nne vyote viwili vinafika pamoja: moyo unakimbia, kuta zinasogea, anaamini kabisa anakufa, na wenzake wanahangaika na maziwa, ndimu na maji ya baridi. Hakuna hata kimoja kinachozimua. Kinachosaidia ni muda, mahali patulivu na mtu mwenye akili timamu pembeni. Akipumua kwa shida, akipata maumivu ya kifua au akishindwa kuamka, apelekwe hospitali na watu waseme ukweli alichokula. Daktari anatafuta tiba, na ukificha unampoteza. Stimu ya kula inaweza kukaa saa sita, nane au zaidi, kwa hiyo kuendesha pikipiki asubuhi na mapema nako ni kamari.

Jimbo la Colorado huko Marekani, lililofungua maduka ya bangi mwaka 2014, liliweka kipimo cha miligramu 10 za THC kwa sehemu moja ya kula. Keki ya kienyeji haina kipimo. Kona moja inaweza kuwa na kidogo na kona nyingine ikawa na balaa. Halafu mtoto wa miaka mitatu hajui keki ipi ni ya wakubwa, na kwake kipande kimoja kinatosha kumlaza wodini.

"Haina uraibu, ni majani tu"

Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinakadiria kwamba watumiaji kama 3 kati ya 10 wana tatizo la matumizi ya bangi. Arosto yake si ya kutetemeka kama ya heroini: ni hasira za bure, usingizi kukimbia, chakula kukosa ladha, siku kadhaa hadi wiki mbili hivi. Kwa kuwa haina kishindo, mtu anasema "nina stresi tu", anawasha tena.

Na wale wa "inatia wazimu"? Wanakuza, ila hawazushi. Wengi wanaovuta hawaugui akili. Lakini utafiti wa Ulaya wa mwaka 2019 ulionesha kuwa wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na kuendelea walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata saikosisi, yaani ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, kuliko wasiotumia kabisa. Ukianza ukiwa mdogo, au ukoo wenu una ugonjwa huo, usijaribu bahati. Na bangi ya leo si ya babu: iliyokamatwa Marekani ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi mwaka 1995, ikafika kama 12 mwaka 2014. Hapa kwetu neno skanka, yaani bangi kali, limeingia hata kwenye taarifa za polisi.

Kuna jambo moja ambalo hata wavutaji wazoefu hunikatalia. Mtu anayevuta kila siku kwa miaka anaweza kupata ugonjwa wa kutapika usiokoma, unaokuja na kuondoka. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Australia mwaka 2004. Dalili yake ya ajabu ni kwamba mgonjwa hupata nafuu akioga maji ya moto sana, anaoga hata mara tano kwa siku. Sisi tutampa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, kisha ya vidonda vya tumbo. Na yeye, kwa kuwa amesikia bangi inazuia kichefuchefu, anaongeza msokoto. Dawa yake ni kuacha.

"Inatibu saratani"

Hapana. Dawa zenye THC ya maabara zimetumika tangu miaka ya 1980 kupunguza kichefuchefu cha wagonjwa wanaopewa kemotherapi. Mtu akaacha kutapika, maneno yakafika kijijini kuwa kapona saratani. Mjamzito na anayenyonyesha wao wakae mbali kabisa, maana THC humfikia mtoto.

"Siku hizi imeruhusiwa"

Kenya, Wajackoyah aliahidi kuihalalisha katika kampeni ya urais ya 2022, watu wakashangilia, sheria ikabaki palepale. Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, si kwa raia kuvuta. Umoja wa Mataifa uliiondoa bangi kwenye orodha kali kuliko zote Desemba 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini bado iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya 2015 inaikataza. Chupa iliyonunuliwa kihalali Denver, Marekani, haisafiri na uhalali wake ndani ya begi, na ukipitia Dubai kwenda kazini ndiyo usithubutu kabisa: kule mafuta ya CBD nayo yanaweza kukuweka ndani.

Yule mama alirudi kesho yake na pakiti ya vidonge vya mguu. Ilikuwa warfarini. Alikuwa ameshadondosha matone siku nne. Nikamwandikia barua ya kwenda nayo kliniki akapimwe damu siku hiyohiyo, na kwenye barua nikaandika CBD kwa herufi kubwa ingawa aliniomba nisiandike. Akatoka nje, akasimama chini ya mwarobaini, akampigia mwanawe. Nilimsikia vizuri tu: "Matone nimeacha. Nitumie nauli."