Chatu wa kufuga: tunayoambiana huku Mtwara na Lindi, na ukweli wenyewe

Zile klipu za vijana waliojivika chatu shingoni zinazunguka sana kwenye magrupu, na kila ikitua moja huku kwetu maswali ni yaleyale, kwamba na mimi nikipata mdogo nikamlea si atanizoea, na akinishinda si namrudisha tu kwenye mto Ruvuma au Lukuledi alikotoka. Hilo la kumrudisha porini ndo linaniuma kuliko yote, nitalikalia zaidi huko chini.

"Chatu ana sumu." Hana. Meno anayo tena mengi, yamepinda kuelekea nyuma, yani akikushika mkono ukiuvuta ndo unajichana, na kidonda kinaweza kuoza usipokiosha na kwenda hospitali. Windo analiua kwa kulibana. Hapo nako wengi wanasema analinyima pumzi, ila watafiti waliopima mwaka 2015 kwa boa, nyoka mwingine ambaye naye anaua kwa kubana hivohivo, walikuta kinachokatika mapema ni mzunguko wa damu, presha inaporomoka ndani ya sekunde chache.

"Akilala kanyooka pembeni yako anakupima akumeze." Uzushi. Hii ya mdada aliyelala na chatu wake, chatu kagoma kula, daktari akamwambia anaandaa nafasi tumboni, tumesheaiana miaka na miaka na haina ukweli wowote. Chatu ni mvizia, anajikunja akasubiri kipite kitu, hana habari ya kupima mtu. Akigoma kula mara nyingi yupo karibu kujivua gamba, au ni baridi, au msimu wa kupandana, au anaumwa kweli na anahitaji daktari wa mifugo.

"Ameshanizoea, ananijua." Kuzoea kushikwa anazoea, ila usitegemee akulinde kama mbwa. Mwangalie midomoni kwa karibu, ana vishimo vimejipanga, hivo vinahisi joto hata gizani. Sasa umetoka kumchinja kuku, mkono una joto na unanuka damu, unaupeleka bandani, yeye ataona nini hapo zaidi ya chakula? Nawa kwanza, mpe chakula kwa koleo refu, na akishakuwa mkubwa wa mita mbili na kitu usimfungulie ukiwa peke yako hata siku moja. Akikuzunguka wewe, mwenzako aanzie mkiani kumkunjua, asianzie kichwani.

Na chatu hakui kidogo jamani. Akianguliwa ana kama nusu mita tu, miaka michache mbele unaongelea mita tatu au nne, wengine wanafika tano, na anaweza kukaa na wewe zaidi ya miaka 20. Hesabu kuku wake na panya wake kwa miaka yote hiyo kabla hujamchukua.

"Banda langu lina mfuniko mzito, hatoki." Anatoka. Usiku kucha anasukuma pembeni na pua, ndo maana chatu wa banda bovu utamkuta pua imechubuka mpaka magamba yametoka, na pale kichwa kinapopenya mwili unafuata. Mwaka 2013 kule Campbellton, Kanada, chatu wa Afrika, yani ndugu wa hawa wa kwetu, alipenya tundu la hewa, akapita darini, dari ikamwachia akaangukia kwenye chumba walicholala watoto wawili wa miaka 4 na 6, akawaua wote. Sio jitu la porini lile, alikuwa wa kufugwa. Kwa hiyo komeo na kufuli, matundu ya hewa yawe na wavu wa chuma uliobanwa kwa skrubu, chumba chenyewe kifungwe, na mtoto asiwe na ufunguo.

"Akinishinda namwachia porini, si kwao?" Hapana, hapana kabisa. Wa kutoka nje ukimwachia unafanya yaliyofanyika Florida, Marekani. Kule chatu wa Burma, asili yake Asia ya kusini mashariki, walifugwa majumbani, wengine wakatoroka, wengine wakaachiwa na wenyewe, na ingawa wengi wanailaumu tufani Andrew ya 1992 iliyobomoa sehemu ya kuzalishia nyoka, walishaonekana Everglades, yale mabwawa makubwa ya huko, kabla ya hapo. Utafiti wa 2012 ulikuta rakuni, mnyama mdogo wa porini wa kule, wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99 maeneo ambayo chatu wamekaa muda mrefu, na sungura wa mabwawani hawaonekani tena. Walikuja pia na mdudu wa mapafu ambaye sasa anawaumiza nyoka wenyeji wa kule. Hebu fikiria hicho.

Na hata akiwa chatu wa hapahapa, aliyekaa bandani anaweza kuwa na maradhi ya kuwaambukiza wa porini, halafu aliyezoea harufu ya watu na kuku ataenda wapi kama sio kwenye banda la jirani, na huko atakatwa panga. Halafu kuna sheria, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, awe umemnunua au umemwokota chini ya mkorosho wakati wa kupulizia salfa. Ukimkuta shambani mwache apite, panya wanaokusumbua ndo chakula chake.

"Akitoroka nyamaza, wataniita mchawi." Hii inaua. Mtaa usiojua hauchungi watoto. Mwambie mtendaji, majirani na watu wa maliasili siku hiyohiyo, wapeleke watoto walale kwingine, funga mbwa na kuku. Kisha tafuta ndani kwanza maana mara nyingi hajafika mbali: nyuma ya friji, chini ya kabati, darini, kwenye magunia ya korosho, bafuni. Usimshike peke yako, mzibie mlango na madirisha usubiri wenye kazi yao wafike.