Je, wajua kwa nini profesa Mfaransa aliwachagua wakulima wa Busia kwa bahati nasibu?

Esther Duflo alipopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Michael Kremer, niliamini ametuzwa kwa kuvumbua njia ya kupima miradi kwa bahati nasibu. Nilikosea. Mtakwimu Ronald Fisher alikuwa ameshaijengea misingi kwenye mashamba ya majaribio ya Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, na baadaye madaktari wakaitumia kupima dawa. Hata Busia, magharibi mwa Kenya, Kremer alianza kuitumia mashuleni katikati ya miaka ya 1990, Duflo akiwa bado mwanafunzi.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Nilidhani bahati nasibu ni namna tu ya kugawa kitu kisichotosha wote. Kumbe ndiyo kipimo chenyewe.

Duflo alizaliwa Paris mwaka 1972, akasoma historia na uchumi katika chuo cha École normale supérieure, akapata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1999 na kubaki hapo akifundisha. Mwaka 2003 alianzisha na wenzake kituo cha utafiti kinachoitwa leo J-PAL.

Sasa tuingie shambani. Je, mbolea ya kukuzia, ile inayowekwa mahindi yakishaota, inamlipa mkulima? Mtu mwenye haraka atamlinganisha anayeitumia na asiyeitumia. Lakini huyo anayeitumia huenda ana shamba la bondeni lenye rutuba, au mtoto mjini anayemtumia pesa. Akivuna zaidi, utajuaje kuwa ni mbolea? Ukilinganisha na mavuno yake ya mwaka jana, mvua nayo haikuwa ileile. Ni sawa na kuonja mchuzi uliotiwa nazi, chumvi na ndimu kwa mpigo, kisha kuapa kwamba utamu umetoka kwenye ndimu.

Fikiria gunia la mahindi lililochanganywa vizuri. Ukichota debe mbili, kila debe litakuwa na punje nzima na zilizobunguliwa kwa kiasi kinachokaribiana, hata kama hukuchambua hata moja. Bahati nasibu huwagawa watu vivyo hivyo: wenye bidii, wenye madeni, wenye udongo mchovu, na hata tofauti ambazo mtafiti hakuwahi kuziwaza. Ukichota punje kumi tu utadanganyika, ndiyo maana wanahitajika watu wengi. Kundi moja likipewa mbolea na jingine lisipewe, tofauti ya mavuno ina maana.

Duflo, Kremer na mchumi mwenzao Jonathan Robinson walitumia bahati nasibu hiyo Busia, ila waliowekwa kwenye makundi walikuwa vipande vya shamba lilelile la kila mkulima. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kuwa mbolea ya kukuzia, ikitiwa kwa kiasi cha kadiri, ilirudisha faida ya asilimia 36 kwa msimu. Utaratibu kamili uliopendekezwa na Wizara ya Kilimo, pamoja na mbegu chotara, uliongeza mavuno lakini kwa wastani haukulipa. Hayo ni ya Busia. Angus Deaton, mshindi wa Nobel mwaka 2015, amesisitiza kuwa jibu la mahali pamoja halihamishwi ovyo kwenda kwingine.

Kwa nini basi wengi hawakuinunua? Huenda fedha za mavuno ziliisha kabla ya msimu wa kuitumia. Watatu hao walichagua wakulima kwa bahati nasibu tena, wakawafuata mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi: lipa sasa bei kamili, mbolea utaletewa bure. Matumizi yalipanda. Msimu wa kuitumia ulipofika, ilibidi bei ishushwe kwa nusu ndipo yapande kwa kiasi kama hicho.