Si Shetani Aliyeondoka Tampa Bay

Hadithi hii imeshika mizizi: timu ya besiboli ya Tampa Bay, huko Florida, Marekani, iliitwa Devil Rays, yaani aina ya samaki taa, jina lenye neno "shetani" ndani yake. Kwa misimu kumi, 1998 hadi 2007, kila msimu ilipoteza mechi zaidi ya 90. Ikafuta neno hilo, ikabaki Rays, na mwaka 2008 ikashinda 97 na kufika fainali, ikafungwa na Philadelphia Phillies. Basi watu wakasema nuksi imeondoka.

Tazama hesabu. Mwaka 2007 ilipata pointi 782. Mwaka 2008 ilipata 774, pungufu kidogo! Kilichobadilika ni zile ilizoruhusu: kutoka 944 hadi 671. Hiyo ni kazi ya ulinzi. Novemba 2007 ilimtoa Delmon Young, kijana wa kupiga mpira, ikawapata Matt Garza, mrushaji, na Jason Bartlett, mlinzi hodari. Wachezaji Carl Crawford na James Shields walikuwa wamelelewa humohumo, wakionja vipigo hivyo kabla ya 2008. Kusifu jina kwa ushindi huo ni kuwadhulumu wachezaji hawa.

Na samaki taa walio hai? Waliendelea kuogelea kwenye tangi lao palepale uwanjani.