Mfumo wa kiwanda: ilikotoka nguo ya merikani

Wazee wa pwani waliita merikani ile nguo ya pamba, nzito, isiyopaushwa. Jina linataja ilikotoka, na ili kuielewa nguo hiyo inabidi kwanza kuelewa mfumo wa kiwanda: watu kukusanywa chini ya paa moja, kwenye mashine zisizo zao, wakafanya kazi kwa saa walizopangiwa na kulipwa ujira.

Marekani ya mwaka 1790 haikuwa hivyo. Akina mama na binti zao walisokota uzi nyumbani, katikati ya kupika na kukamua ng'ombe. Mwaka huo Samuel Slater, aliyejifunza ufundi kwao Uingereza, aliendesha mashine za kusokota kwa nguvu za maji huko Pawtucket, Rhode Island. Wafanyakazi wake wa kwanza walikuwa watoto. Kufuma kulibaki kazi ya majumbani mpaka 1814, Francis Cabot Lowell na wenzake walipojenga kiwanda Waltham, Massachusetts, ambamo pamba iliingia mbichi ikatoka kitambaa. Yeye alifariki 1817. Wenzake wakajenga mji mzima wa viwanda kando ya mto Merrimack, wakaupa jina lake.

Mji wa Lowell uliajiri mabinti wa wakulima. Walilala katika mabweni ya kampuni, na siku yao iliendeshwa na kengele: ya kuamka, ya kuingia, ya kula, ya kulala. Kwa mtu aliyezoea kufuata jua na majira, nadhani hilo ndilo lililokuwa badiliko kubwa kuliko mashine zenyewe. Kazi ilizidi saa 70 kwa wiki, madirisha yamefungwa ili unyevu usitoke na uzi usikatike. Lakini binti alishika pesa yake mwenyewe, pengine kwa mara ya kwanza katika ukoo wao, na alijua thamani yake. Ujira ulipopunguzwa 1834, waligoma. Wakagoma tena 1836. Mwaka 1845 Sarah Bagley, mfanyakazi wa viwanda hivyo, na wenzake walipeleka madai ya siku ya saa 10 mbele ya bunge la Massachusetts.

Pamba ya viwanda hivyo ilitoka kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya watumwa. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney, ya 1793, ilitenganisha mbegu na nyuzi upesi mno, mashamba yakapanuka, na watumwa wakaongezeka kutoka karibu 700,000 mwaka 1790 hadi karibu milioni 4 mwaka 1860. Wao hawakuwa na ujira wa kugomea.

Nguo ya merikani ilipakiwa kwenye meli za wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, hadi Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said wa Oman na Unguja, ikabadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi (utomvu mgumu wa miti). Misafara iliibeba bara, ikatumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani 1861, pamba iliadimika, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake sokoni.